HISTORIA YA MKAA USAFISHAO MAJI, NA FAIDA YA VIFUU VYETU



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wengine wameandika habari za mizani, za bei, za maghala, na za wazee walioianza kazi hii wakati ambapo wengi walitucheka. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kurasa chache tueleze jambo ambalo litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, nalo ni hili: vifuu vya nazi vinavyobaki baada ya mbata kutolewa, tuvifanye nini? Wako wanachama wasemao viendelee kuuzwa kwa magunia kwa wanunuzi wapitao. Wako wasemao viachwe majumbani, kwani ni kuni. Na wako, hasa vijana, waliosikia ya kuwa kifuu chaweza kufanywa mkaa wa kusafishia maji, nao wataka Chama kianze kazi hiyo kesho asubuhi.

Kuamua si kazi yetu. Ni kazi ya Mkutano. Lakini mtu hawezi kuamua vema jambo asilojua limetoka wapi. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza historia ya mkaa huo: ni nani waliougundua, hufanyaje kazi, waweza nini na hauwezi nini. Wahenga wa pwani walisema, "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Msomaji akifika mwisho wa habari hii ataona kwamba ndani ya kifuu mna upana ambao hata wahenga hawakuudhania.

MKAA KATIKA ZAMANI

Binadamu ameujua mkaa tangu alipoujua moto, na tangu kale aliutumia kwa mambo mengine kuliko kupikia. Katika maandiko ya waganga wa Misri, yaliyoandikwa yapata miaka 1,550 kabla ya Kristo, mkaa umetajwa miongoni mwa dawa. Mabaharia wa vyombo vya matanga nao walijifunza jambo moja kwa taabu kubwa. Maji yaliyowekwa katika mapipa ya mbao kwa miezi mingi huoza, yakawa na rangi na uvundo. Lakini pipa lililounguzwa ndani mpaka mbao zake zikawa nyeusi, maji yake hukaa vizuri muda mrefu zaidi. Waliona tokeo bila kujua sababu yake.

Hapa kwetu twajua kufukiza mtungi kwa ubani ili maji yanukie. Desturi hiyo ni njema, wala hatuidharau. Lakini kufukiza ni kuweka harufu nzuri juu ya mbaya. Ile mbaya bado imo. Mkaa huishika ile mbaya yenyewe na kuiondoa. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo iliyowafanya wataalamu wa Ulaya waanze kuuchunguza katika karne ya 18.

WATAALAMU WAWILI

Wa kwanza ni Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden. Mwaka 1773 aliona kuwa mkaa wa kuni waweza kunywa hewa, ukaishika ndani yake, na ukipashwa moto huitoa tena. Jambo hili lilionekana kama mchezo, lakini lilikuwa mlango wa elimu kubwa.

Wa pili ni Johann Tobias Lowitz, aliyezaliwa Ujerumani na kukulia Urusi, akafanya kazi katika duka la dawa la serikali mjini St. Petersburg. Mwaka 1785 alikuwa akitengeneza asidi itokayo katika masimbi ya mvinyo, na kila mara maji ya dawa yake yaligeuka rangi ya udongo. Alipotia unga wa mkaa na kuchuja, maji yale yalitoka meupe. Lowitz hakuishia hapo. Alijaribu mkaa juu ya asali, juu ya vileo, na juu ya maji yaliyooza, akaona kwamba unaondoa rangi na uvundo pia. Kisha akafundisha namna ya kuutumia kuhifadhi maji ya kunywa ya mabaharia. Basi tukiulizwa ni nani aliyeianza kazi ya kusafisha maji kwa mkaa kwa njia ya elimu, jina la Lowitz ndilo la kutajwa kwanza.

SUKARI YALETA BIASHARA

Ugunduzi hauendi mbali bila soko, na jambo hili wanachama wa ushirika walijua kuliko watu wengine. Soko la kwanza la mkaa huu lilikuwa sukari. Maji ya miwa na ya kiazisukari huwa na rangi nyeusi nyeusi, na matajiri wa Ulaya walipenda sukari nyeupe. Mwaka 1794 kiwanda kimoja cha sukari nchini Uingereza kilianza kutumia mkaa wa kuni kuondoa rangi hiyo. Mwaka 1811 Pierre Figuier, mfamasia wa mji wa Montpellier, Ufaransa, alionyesha kuwa mkaa wa mifupa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Siku hizo vita vya Napoleon vilikuwa vimezuia sukari ya miwa isifike Ufaransa, na watu wakageukia kiazisukari. Hivyo mkaa wa mifupa ukaenea upesi.

Tazameni, ndugu: mifupa iliyokuwa ikitupwa ikawa mali. Tangu hapo historia yote ya mkaa huu ni historia ya vitu vilivyotupwa.

FUNZO LA KIPINDUPINDU

Katika karne ya 19 miji ya Ulaya ilikua haraka, na taka za watu zikaingia katika mito na visima vyao. Kipindupindu kikaua maelfu. Mwaka 1854 Daktari John Snow alionyesha kuwa maradhi yaliyozuka karibu na mtaa wa Broad Street, London, yalitoka katika pampu moja ya maji. Mwaka 1884 Robert Koch akakitangaza kiini chenyewe kinacholeta ugonjwa.

Wakati huo vichujio vya mkaa vilikuwa vimeenea katika nyumba za Waingereza. Maji yaliyotoka humo yalikuwa meupe, hayana harufu, na watu waliyanywa kwa moyo mkunjufu. Lakini mwaka 1894 wachunguzi wa Uingereza walipima vichujio vingi vya nyumbani, wakaona kwamba vingi havikuzuia viini vya magonjwa, na vya mkaa vilikuwa miongoni mwao. Kichujio kilichokaa muda mrefu bila kubadilishwa chaweza hata kuwa makao ya viini, kwa sababu chakula chao kimenaswa mumo humo. Macho na pua viliwadanganya watu.

Kwa upande mwingine, mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,600. Mji wa Altona uliokuwa jirani, ambao ulichota maji ya mto ule ule tena chini ya Hamburg, yaani baada ya taka za Hamburg kumwagwa, uliokoka sehemu kubwa ya msiba. Sababu ni kwamba Altona walichuja maji yao polepole kupitia mchanga, na Hamburg hawakuchuja.

Twataka kila mwanachama alishike neno hili, hata akiyasahau mengine yote: mkaa husafisha rangi, harufu, ladha na sumu nyingi; mkaa hauui viini vya kipindupindu. Mwaka jana alipita katika vijiji vyetu mfanyabiashara mmoja, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa hapa, akiuza ndoo zenye mkaa ndani, na kusema kuwa mwenye ndoo hiyo hana haja tena ya kuchemsha maji. Baadhi ya wanachama walinunua, wakaacha kuchemsha. Mganga wa zahanati alipoona watoto wa nyumba hizo wakiletwa kwa kuhara, aliuliza habari ya maji, na ndipo jambo likajulikana. Twashukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Lakini tukumbuke mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 ukaenea mikoani. Ugonjwa huo haukubaki katika vitabu vya Ulaya.

MKAA WATIWA NGUVU

Mpaka mwisho wa karne ya 19 mkaa uliotumika ulikuwa mkaa wa kawaida tu. Aliyeugeuza ni mkemia Raphael von Ostrejko. Katika miaka ya 1900 na 1901 alipata hati za kumiliki njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya mbao au vitu vya mimea na chumvi za madini kabla ya kuvichoma. Ya pili ni kuchukua mkaa uliokwisha kuchomwa, kuupasha mpaka uwe mwekundu, na kupitisha mvuke wa maji au hewa ya kaboni dioksidi juu yake. Mkaa uliopita katika njia hizo huitwa mkaa amilifu, yaani ulioamshwa kwa kazi. Mwaka 1909 mkaa wa namna hiyo, uliotengenezwa kwa mbao na kuitwa Eponit, ulianza kuuzwa kutoka kiwanda cha Silesia.

Je, mvuke ule hufanya nini? Mkaa wa kawaida una vitundu vidogo sana, lakini vingi vimezibwa na lami na masizi yaliyobaki wakati wa kuchoma. Mvuke wenye moto mkali hula yale yaliyoziba, hufungua vitundu, na kuchimba vingine ndani ya vitundu. Mwishowe chembe moja ya mkaa huwa kama kichuguu cha mchwa: nje ni donge dogo, ndani ni vichochoro visivyohesabika. Kila uchafu upitao na maji huingia vichochoroni na kunata ukutani. Hauyeyuki wala hauliwi. Umenaswa tu, kama ndege kwenye ulimbo.

Upana wa kuta hizo ni jambo la ajabu. Tangu mwaka 1938, wataalamu watatu, Brunauer, Emmett na Teller, walipotoa njia ya kuupima, imejulikana kwamba gramu moja ya mkaa amilifu mzuri ina kuta zenye eneo la mita za mraba zipatazo 1,000. Mkulima na apige hesabu: eka moja ni mita za mraba 4,047. Basi gramu 4 za mkaa, yaani vijiko viwili vya chai, zina eneo karibu sawa na shamba la eka moja. Ndiyo sababu kitu kidogo chaweza kushika uchafu mwingi.

VIFUU VYAINGIA VITANI

Tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ujerumani yalifungulia hewa ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na askari wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Mwaka huo huo Nikolay Zelinsky wa Urusi alitengeneza kinyago chenye mkaa wa kuni uliotiwa nguvu, kikawaokoa wengi.

Marekani walipoingia vitani walitafuta mkaa bora kuliko wa kuni, wakaona kwamba vifuu vya nazi vinashinda vyote. Kifuu ni kigumu, kizito, na vitundu vya mkaa wake ni vyembamba mno, vifaavyo kunasa hewa za sumu. Vifuu havikutosha, kwa hiyo mwaka 1918 serikali iliwaomba wananchi wakusanye kokwa za pichi na maganda magumu ya njugu. Matangazo yalisema kwamba ratli 7 za vitu hivyo zatosha kinyago kimoja. Wanafunzi, maskauti na wanachama wa Msalaba Mwekundu wakapita nyumba kwa nyumba na vikapu. Hakuna aliyeweza peke yake kuleta kokwa za kutosha jeshi zima. Lakini kila nyumba ilipotoa kidogo, viwanda vikapata kazi. Sisi wa ushirika hatuhitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo. Haba na haba hujaza kibaba.

MIJI YASAFISHA MAJI

Vita vilipokwisha, viwanda vya mkaa vilitafuta kazi nyingine. Miji mingi ilikuwa imeanza kutia klorini katika maji ili kuua viini; mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kufanya hivyo kila siku tangu mwaka 1908. Lakini mito ilipopokea maji machafu ya viwanda, klorini ilichanganyika na uchafu ule, hasa fenoli, ikaleta ladha mbaya hata watu wakakataa maji ya bomba na kurudia visima vichafu. Mkaa amilifu ukaleta nafuu. Mji wa Hamm, Ujerumani, ulijenga vichujio vya mkaa wa punje mwaka 1929, na Bay City katika jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1930. Mwaka huo huo wa 1930, huko New Milford, New Jersey, walianza kutia unga wa mkaa katika maji ya mji. Baada ya miaka michache tu mamia ya miji ilifuata.

Hapo msomaji ataona mpango mzuri: mchanga huchuja tope, mkaa hunasa sumu na ladha, klorini huua viini. Kila mmoja ana kazi yake, wala mmoja hashiki kazi ya mwenziwe.

Mwaka 1974 jambo jingine lilijulikana. Johannes Rook wa Rotterdam, Uholanzi, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani yaliyooza ndani ya maji huzaa klorofomu na jamaa zake, ambavyo si vizuri kwa afya. Tangu hapo nchi nyingi zimetumia mkaa kupunguza mabaki hayo, pamoja na dawa za kuulia wadudu zinazotiririka kutoka mashambani. Neno hili la mwisho latuhusu sisi wenyewe, maana dawa tunyunyiziayo mikorosho na mboga zetu, mvua ikinyesha, huteremka kwenye visima tunavyochota.

DHAHABU, NA MENO YA KAHAWIA

Afrika ya Mashariki si mgeni wa mkaa huu. Katika migodi ya dhahabu mawe husagwa na kulowekwa katika maji ya sianidi, ambayo huiyeyusha dhahabu. Mwaka 1973 mgodi wa Homestake, katika jimbo la South Dakota, Marekani, ulianza kwa wingi kutia punje za mkaa wa vifuu katika tope hilo, ili zinase dhahabu. Njia hiyo ilienea ulimwenguni kote, na leo hutumika katika migodi ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Kifuu huchaguliwa kwa kuwa mkaa wake haupondeki upesi unapokorogwa na mawe.

Kadhalika katika Bonde la Ufa, tangu Nakuru mpaka pande za Arusha na Meru, maji mengi yana floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi sana, meno ya watoto huwa ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa hupinda na kuuma. Huko Nakuru, wataalamu wa maji wa Jimbo Katoliki walianza mwaka 1998 kutengeneza mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa kuondoa floridi hiyo, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya namna hiyo pia. Twataja mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, waonyesha kwamba watu wa nchi zetu wanaweza kazi hii. Pili, waonyesha kwamba mkaa haufanani wote. Mkaa wa kifuu haufai sana kwa floridi. Mkaa wa mfupa wafaa. Wala hapana mkaa uondoao chumvi. Wanachama wa vijiji vya ufukweni, ambao visima vyao vimeingiliwa na maji ya bahari, wasidanganywe kuwa kifuu kitayafanya maji yao kuwa matamu.

KAZI YENYEWE ILIVYO

Sasa tueleze kwa ufupi namna kifuu kigeukavyo mkaa amilifu, ili Mkutano ujue ukubwa wa kazi.

Hatua ya kwanza ni kukusanya vifuu vilivyokomaa, vikavu, visivyo na makumbi wala mchanga. Hatua ya pili ni kuvichoma katika tanuri lililozibwa ili hewa isiingie ovyo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 600 za sentigredi. Hewa ikiingia, badala ya mkaa tutapata majivu. Katika kilo 100 za vifuu vikavu tutarajie kilo 25 hadi 30 za mkaa. Moshi wa tanuri baya huumiza macho na mapafu, na kwa hiyo tanuri la shimo uani mwa nyumba halifai kwa kazi kubwa.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu: kuupasha mkaa huo mpaka nyuzi 800 na zaidi, karibu hata 1,000, na kupitisha mvuke juu yake kwa saa kadhaa. Hapo mkaa hupungua tena nusu au zaidi, maana sehemu yake imeliwa na mvuke katika kuchimba vichochoro. Kwa hiyo kilo zile 100 za vifuu huishia kilo 10 hadi 15 za mkaa amilifu. Iko pia njia ya kuloweka malighafi katika asidi ya fosfori na kuchoma kwa joto dogo zaidi. Lakini hiyo yahitaji kuosha sana, na maji ya kuoshea yakimwagwa ovyo, tutakuwa tumechafua kisima kwa jina la kukisafisha.

Hatua ya nne ni kupima. Wataalamu hupima ni kiasi gani cha iodini ambacho gramu moja ya mkaa yaweza kunasa. Mkaa mzuri hunasa miligramu 900 au zaidi. Mkaa usiopimwa hauna jina sokoni, kama vile korosho isiyopangwa madaraja.

Na mkaa ukishajaa uchafu, huchoka. Haupigi kelele kwamba umechoka. Maji huendelea kupita tu, yakiwa na uchafu wake. Lazima ubadilishwe, au urudishwe tanurini ukatiwe nguvu upya. Hii ndiyo gharama ambayo wauzaji wa ndoo hawaitaji.

Si kifuu peke yake kinachofaa. Katika vyuo vikuu vya nchi nyingi wataalamu wamejaribu pumba za mpunga, maganda ya kahawa, magunzi ya mahindi, maganda ya korosho na makapi ya miwa, nao wamepata mkaa wa namna mbalimbali. Lakini katika biashara ya dunia kifuu kina heshima yake, na nchi za Sri Lanka, India, Ufilipino na Indonesia zimejenga viwanda vikubwa juu ya kitu ambacho sisi twakitupa nyuma ya nyumba.

MAMBO YA KUPIMWA KATIKA MKUTANO MKUU

Wanachama wapenzi, baada ya historia hii, ofisi yetu yaomba Mkutano uyapime mambo matatu.

La kwanza ni mizani. Leo kifuu huuzwa kwa gunia lililoshindiliwa, kwa bei atakayo mnunuzi. Hata kama Chama hakitajenga tanuri, chaweza kuvipima vifuu kwa kilo na kuviuza kwa pamoja, kama kifanyavyo kwa mbata na korosho. Jambo hili halihitaji mashine wala mkopo. Lahitaji uaminifu tu. Wala tusiwasahau akina mama wanaopikia vifuu. Nyumba isiyo na kuni nyingine isilazimishwe kuuza. Mpango mwema ni ule uchukuao kile kinachozidi.

La pili ni tanuri. Mkaa wa kawaida wa vifuu, uliochomwa vema, una soko lake, na viwanda vya mkaa amilifu huununua kama malighafi. Chama kinaweza kuanza na hatua hiyo moja, kikajifunza, kikaweka akiba, kabla ya kufikiri habari ya mvuke na mashine kubwa. Vijana wetu watasema huo ni mwendo wa kobe. Twawajibu kwa upole kwamba vyama vingi katika nchi hii vilikufa kwa kununua mashine kabla ya kununua maarifa. Mwenda pole hajikwai.

La tatu ni maji yetu wenyewe. Hapa hatutaki kusubiri faida. Chama kimwombe Bwana Afya na mhandisi wa maji wa wilaya wapime visima vya vyama vyetu vya msingi, ili tujue ni kipi chenye viini, ni kipi chenye chumvi, na ni kipi chenye dawa za mashambani. Kisha kila kisima kipewe tiba yake. Chenye viini chahitaji klorini, kuchemsha, na vyoo kuwa mbali. Mkaa si dawa yake. Chenye dawa za mashamba, au chenye harufu na rangi, hapo ndipo mkaa wa vifuu vyetu, ukiisha kupimwa na kuthibitishwa, utakapokuwa na kazi. Mpaka siku hiyo ifike, twamsihi kila mwanachama aendelee kuchemsha maji, hata kama yanang'aa kama kioo.

Tumeona katika historia hii kwamba mfupa, kokwa ya pichi na kifuu vilikuwa takataka mpaka watu walipokusanyika na kuvipa kazi. Tumeona pia kwamba watu walioamini maji meupe bila kuyapima waliletewa msiba na maji yayo hayo. Mambo haya mawili yaende pamoja katika fikira za wajumbe watakapoinua mikono yao kupiga kura: tusitupe kilicho mali, wala tusiuze matumaini yasiyopimwa. Chama kilichosimama miaka 10 kwa mizani ya haki chaweza kusimama 10 mingine kwa mizani hiyo hiyo, hata kikiwa kinapima vifuu.

Ushirika udumu.

Ofisi ya Katibu wa Chama Kikuu